Kunde za Wanajeshi

Ninauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo mjini Kitale, na kwa sababu ya kazi hiyo habari za dunia hunifikia kwa mlango wa nyuma. Wengine huzipata redioni. Mimi huletewa na wateja wenye gambuti za matope. Kuna mzee mmoja wa upande wa Suam ambaye kila akija huegemea kaunta na kuniuliza, "Mama, hao watu bado wanapigana?" Hataji nchi wala bahari. Anachotaka kujua ni kama mbolea itafika kabla ya mvua. Nami, nisiyewahi kuiona bahari ila kwenye kalenda, hujikuta nikimweleza habari za meli zilizozuiwa kana kwamba nilikuwa huko asubuhi.

"Bado wanapigana, mzee."

"Si waambiwe tunataka kupanda?"

Huwa namcheka, halafu akishaondoka nabaki nikiwaza. Inakuwaje watu tusiowajua wagombane huko waliko, na shamba la chini ya Mlima Elgon likose chakula chake? Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikimuuliza mkunga ametoka wapi, na uzee haujaniponya. Ndiyo maana dada yangu mkubwa, anayeishi kwetu Bungoma, aliponipigia simu kunieleza kuhusu mboga za wanajeshi, sikungoja jioni.

"Ati serikali inataka mboga yetu ipelekewe askari," alisema. "Wamesema wanakuja kutuongelesha. Wewe ndio unajua maswali. Kuja uniulizie."

Nilifunga duka mchana kweupe, nikaandika "Narudi" kwenye kipande cha boksi na kukining'iniza mlangoni.

Dada ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokausha mboga. Kaunti iliwapa kikaushio cha jua, kibanda kirefu cha nailoni chenye rafu za wavu ndani. Wakati wa mvua, majani ya kunde, saga na mrenda zinapojaa mashambani hadi ng'ombe wanazipita bila kuziangalia, wao huzichuma, huzichemsha kidogo na kuzikausha. Kiangazi kikifika huziuza. Biashara yenyewe ilikuwa ya kujikokota, na tayari kulikuwa na minong'ono kwamba kaunti itakihamishia kikaushio kwa kikundi chenye soko.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Afisa aliyekuja alikuwa na sauti nzuri ya kuhutubia. Alisema dunia imeanza kufunga milango, kila nchi inavuta blanketi upande wake, na taifa lisiloweza kuwalisha askari wake limeshindwa kabla risasi haijalia. Kisha akasema, kama wasemavyo maafisa wote, kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

"Na nguo ya kuazima haisitiri matako," dada akaongeza. Nadhani alikusudia kuninong'oneza mimi, lakini dada hajui kunong'ona. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na afisa naye akacheka.

Niliinua mkono. Niliuliza wanajeshi wetu walioko nje kulinda amani wanakula nini kwa sasa. Akajibu kwamba wanakula vyakula vingi, ila vingi ni vya mikebe na pakiti, na mikebe mingi inatoka ng'ambo. Hapo nilishusha mkono, jambo ambalo hunitokea kwa nadra. Nilikuwa nimetoka Trans-Nzoia, ambako watu hupanda mahindi hadi ukingoni mwa barabara. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba kijana wa kwetu anaweza kukaa jangwani na bunduki yetu na bendera yetu, akafungua mkebe ulioandikwa kwa lugha asiyoijua.

Dada yeye alikuwa anajua. Mwanawe, mtoto wake wa pekee, ni mwanajeshi, na wakati huo alikuwa huko huko nje. Kila akipiga simu, dada humuuliza amekula nini, na kila mara jibu lilikuwa mkebe. Tulipotoka ukumbini alinishika mkono akaniambia waziwazi lililokuwa moyoni mwake. Wenzake wangefurahia soko, na yeye pia angelifurahia, lakini alichokuwa anakitaka hasa ni mwanawe ale kitu kilichopita katika mikono yake.

"Hata kama hajui ni mimi," alisema. "Ale tu."

Basi wakatayarisha sampuli. Afisa alikuja kuichukua mwenyewe, akasimama pale kwenye kikaushio na kumuuliza dada, "Mmetia nini humu?"

"Kunde."

"Na nini kingine?"

"Maji."

Nilikuwepo, na naapa dada hakudanganya. Nami nilisikia swali lile, nikasikia jibu, na nikaona limetosha. Hilo ni kosa ambalo lazima uwe umezaliwa kwetu ndipo ulifanye. Kwetu kunde hazipikwi bila mushereka. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unatia majivu yake kwenye debe lililotobolewa chini, unamimina maji juu, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai. Ukiyatia kidogo kwenye mboga, majani magumu yanalainika na kubaki ya kijani. Mwanamke wa kwetu hayahesabu kuwa kiungo. Ni kama umuulize mtu amepika na nini, ukitarajia akutajie sufuria.

Wiki kadhaa zilipita bila neno. Halafu siku moja dada akanipigia simu na sauti ilikuwa imempotea. "Kuja. Kuja sasa."

Nilipofika uani kwake niliwakuta wageni watatu. Wawili walikuwa wanaume waliovaa kiraia, mmoja wa makamo na mmoja kijana, nao walikaa wima kwenye viti vya plastiki bila kugusa chai. Wa tatu alikuwa mwanamke wa maabara aliyekuwa ameipima sampuli. Ndiye aliyeeleza. Kunde zile zilikuwa na kitu ambacho hakikutajwa, kitu kikali cha jamii ya sabuni. Kwa chakula cha kawaida lingekuwa swali dogo. Kwa chakula cha wanajeshi, na dunia ilivyo sasa, lilikuwa swali la usalama.

Yule wa makamo akamgeukia dada. "Mama, nani aliwashauri mtie hiyo dawa?"

"Dawa gani?"

"Kuna mtu alikuja hapa? Mgeni? Aliwapa unga wowote, chupa yoyote?"

Ilimchukua dada muda kuelewa anachoulizwa. Alipoelewa, alivua kitambaa kichwani mbele ya wageni. Nimemjua dada yangu maisha yangu yote, nimemwona akizika mume, na sikuwahi kumwona hivyo.

"Mimi niwekee askari sumu?" alisema. "Mimi? Na wangu ako huko?"

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimwonyeshe bwana yule kwamba wanawake wa familia yetu hawatishwi na viti vya plastiki, lakini dada aliinuka na kuwaambia wamfuate. Aliwapeleka nyuma ya jiko. Debe lilikuwa pale juu ya sufuria yake, likidondosha polepole. Yule mwanamke wa maabara alilitazama, akajishika kiuno, akacheka hadi akachutama.

"Mushereka!" alisema. "Uwii, na mimi nimekula hii tangu nizaliwe! Si mngesema?"

"Si ningesema nini?" dada akauliza. "Mliniuliza nimetia nini. Sikujua mnauliza mpaka hiyo."

Mwanamke yule alikuwa wa upande wa Kakamega. Kwake nyumbani kulikuwa na debe kama lile. Lakini maabara hupokea mfuko wenye namba, si mboga ya mama, na namba haina harufu ya jiko. Nilimwuliza maswali mengi kuhusu hilo, na akayajibu yote kwa subira. Kijana aliyevaa kiraia naye akaanza kuuliza maganda yanachomwa vipi, na kwa nini ya maharagwe na si ya mahindi. Akawa mwenzangu kabisa.

Dada alikuwa bado hajamaliza. Kwetu mtu akishuku chakula chako, husimami kujitetea kwa maneno. Alipika kunde zile zile zilizokaushwa, akazipakua mbele yao, akala kwanza yeye huku wanamtazama. Alitafuna kwa hasira. Baadaye ndipo akawapakulia wao. Yule wa makamo alikula hadi sahani ikaisha. Kijana aliomba ugali mwingine.

Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa na jibu mfukoni ambalo sikulitaka. Dukani ninauza, na hata mkobani hubeba, vikaratasi vya kupimia udongo, vile unavyochovya vikabadilika rangi kukuonyesha kama shamba lina uchachu. Nikiwa kwa dada siku hiyo, wageni wakiwa wanakula, udadisi ulinishinda. Nilikwenda kwa majirani wa kikundi, nikachovya kikaratasi katika mushereka wa kila mmoja. Cha mmoja kiligeuka kijani hafifu, cha mwingine bluu nzito, cha mwingine katikati. Majivu ya kila mama yalikuwa na ukali wake. Nilirudi nikimwonyesha dada jinsi inavyopendeza.

"Kwani mboga ni udongo?" alifoka. "Tupa hizo takataka."

Lakini mwanamke wa maabara aliviona, akavichukua, akavipanga juu ya kiti. Alisema ndivyo hasa alivyohofia. "Mama, hii si sumu, na nitaandika hivyo. Lakini siwezi kupiga muhuri kitu ambacho leo kiko hivi, kesho kiko vile. Kijana akiumwa na tumbo huko nje, nani atajibu? Kausheni bila mushereka, mtapita."

Nilisema yuko sahihi. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote. Dada hakuniongelesha tena hadi nilipokuwa naondoka.

Kabla ya kwenda, bwana wa makamo alituomba radhi, kwa namna yake ya kukohoa kwanza. Kisha akatoa onyo. Mboga zikikubaliwa, akina mama wasimwambie mtu yeyote kuwa wanawalisha wanajeshi, wala zinaenda wapi wala lini. Si mume, si mtoto. Dada aliuliza hata kama mtoto mwenyewe ni mwanajeshi. "Huyo ndiye wa kwanza usimwambie," alijibu. Nchi na kambi sizitaji hapa, na mpango wenyewe, uliokuwa wa majaribio, umekwisha, kwa hiyo nadhani nimelitunza neno kwa kadiri mtu kama mimi awezavyo.

Kikundi kilikutana siku chache baadaye chini ya kibanda cha kikaushio, na nilikuwepo kwa sababu sikuweza kutokuwepo. Wengi walikuwa tayari kuacha mushereka. Waliona kikaushio kikiwatoka mikononi. Dada alipinga. Alisema kunde bila mushereka ni majani ya mbuzi, na kwamba ikiwa nchi inataka kujitegemea, basi ijitegemee kwa chakula kama kinavyoliwa, si kwa nusu yake. Mmoja akamwuliza, "Sasa wewe unataka kijana wako aendelee na mikebe?"

Dada alitazama rafu zile tupu. Halafu akasema, "Bora ale yetu ikiwa imepungua." Akainua mkono wake, na wengine wakainua.

Nilimshangaa, nikamheshimu, na nikamhurumia, yote kwa pamoja. Niliporudi kuwasaidia wakati wa kuchemsha, nilimwona mkono wake ukienda wenyewe kwenye chupa ya mushereka kila sufuria ilipotokota. Mara ya kwanza aliurudisha. Mara ya pili akaurudisha. Mwishowe alibeba chupa ile akaifungia chumbani, akarudi akikung'uta mikono. "Huu mkono hausikii," aliniambia. Tulicheka, na tulihitaji kucheka.

Kunde zilipita. Lori likaja, likachukua maboksi, likaenda. Basi dada akaanza upelelezi wake wa simu, ambao hata wale mabwana wa viti vya plastiki wangeuvulia kofia. Hakuweza kuuliza moja kwa moja, kwa hiyo alizunguka. Alimwuliza mwanawe kama huko kuna kijani chochote. Kama watu wa huko hulima. Kama siku hizi tumbo linamwendea vizuri. Kijana alijibu kama vijana wanavyojibu: "Niko poa, mama. Chakula ni chakula tu." Dada akikata simu hunipigia mimi Kitale, na tunalichambua jibu lile kwenye kaunta yangu, wateja wakingoja dawa ya kupe.

"Alisema 'chakula' na furaha kidogo, si ndio?" huniuliza.

"Alisema na furaha," humjibu. Sikuwa nimemsikia.

Kijana alirudi kwa likizo wakati wa mvua. Alikuwa amekonda, amekuwa mweusi zaidi, na alikuwa na tabia mpya ya kukaa akiwa ametazama mlango. Nilikwenda Bungoma kumsalimu. Dada alitaka kumchinjia kuku, kijana akakataa. Alisema ametamani kunde za mama yake tangu siku alipopanda ndege. Basi dada alichuma kunde mbichi, akazitia mushereka na maziwa, na tukaketi mezani watu watatu mchana ule, mvua ya siku hiyo ikiwa bado haijaanza.

Alikula kwa njaa iliyonifurahisha. Akala, akafuta jasho la pua, akaanza kucheka peke yake.

"Anti, huwezi amini," aliniambia. "Huko tuliletewa kunde. Kunde kabisa! Iko kwa pakiti, imekaushwa, imeandikwa imetoka Kenya. Vijana walipiga makofi, bana. Hata wale hawajui kunde walipiga makofi."

Dada aliacha kutafuna. "Ikakuwa aje?" aliuliza.

"Ngumu, mama! Unatafuna mpaka taya inachoka. Kuna mmoja akatafuta magadi sokoni, tukaweka, ikakuwa kama sabuni."

"Mkaitupa?"

"Nani atupe? Tulimaliza yote, si ni ya nyumbani. Lakini mimi niliwaambia, hawa watu wamekausha hii mboga, hawana mama." Akagonga meza kwa kicheko.

Maneno yalinijaa kinywani. Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia kila kitu, debe na vikaratasi na chupa iliyofungiwa chumbani, na mikono iliyoinuliwa chini ya kile kibanda. Dada alinitazama mara moja tu. Nikachukua tonge kubwa la ugali, nikalitia kinywani na kulitafuna.

"Pengine waliambiwa waifanye hivyo," dada alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayezungumzia hali ya barabara.

Kijana aliacha kucheka. Amenirithi mimi kwa udadisi. Alipouliza hakuwa na dhihaka hata kidogo, alitaka kujua tu.

"Na wakakubali?"

Dada alichukua mwiko akamwongezea mboga, ingawa sahani yake ilikuwa bado haijaisha.